Pishi ya Mionzi: Maisha ya Louis Harold Gray (1905–1965)

Utangulizi

Katika soko la Kongowea, upande wa Kisauni huko Mombasa bara, kilo ndiyo iliyotawala. Hata hivyo, wazee wa Mwambao walikuwa na vipimo vyao: kibaba, pishi na frasila. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na frasila ilikaribia kilo 16. Aliyetaka kuhama kutoka pishi hadi kilo alipaswa kulijua jambo moja la ziada, nalo ni kwamba pishi ni kipimo cha ujazo wala si cha uzito. Pishi ya mchele na pishi ya unga hujaza chombo kilekile, lakini zikiwekwa kwenye mizani hazilingani. Kwa hiyo hakuna awezaye kugeuza pishi kuwa kilo kabla ya kuuliza kilichopimwa ni kitu gani. Kugeuza shilingi kuwa senti ni jambo jingine kabisa. Shilingi moja ni senti mia, iwe imenunua mchele au chumvi.

Tofauti hii kati ya aina mbili za ugeuzaji, ule unaohitaji kukijua kitu chenyewe na ule wa hesabu tupu, ndiyo iliyoyatawala maisha ya mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Yeye hakupima nafaka. Alipima mionzi inayoingia katika mwili wa binadamu. Jina lake hutajwa kila siku katika kila hospitali inayotibu saratani kwa mionzi, Afrika Mashariki ikiwamo, ijapokuwa wengi wanaolitaja hawakumbuki kwamba hapo awali lilikuwa jina la mtu.

Malezi na elimu

Gray alizaliwa London tarehe 10 Novemba 1905. Wazazi wake hawakuwa na mali. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Posta aliyependa hesabu na aliyemkuza mwanawe katika upendo huo. Umaskini wa nyumbani haukumzuia kijana huyu kung'ara masomoni. Akiwa bado mtoto alipata ufadhili wa kuingia Christ's Hospital, shule kongwe ambayo kwa karne kadhaa ilikuwa imewapokea watoto wenye vipawa kutoka familia zisizojiweza. Kutoka hapo alipata tena ufadhili wa kujiunga na Chuo cha Trinity, katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Huko Cambridge alihitimu kwa alama za juu, kisha akaingia katika maabara ya Cavendish iliyoongozwa na Ernest Rutherford. Wakati huo Cavendish ilikuwa kitovu cha utafiti wa atomi duniani. Ni Rutherford ambaye mwaka 1911 alikuwa ameeleza kwamba atomi ina kiini kidogo kizito, na ni katika maabara hiyohiyo ambamo James Chadwick aliigundua neutroni mwaka 1932. Kijana wa mfanyakazi wa Posta alijikuta akila meza moja na watu waliokuwa wakiubadili ulimwengu. Njia ya kubaki pale na kujijengea jina katika fizikia ya atomi ilikuwa wazi mbele yake.

Hali ya vipimo kabla ya Gray

Ili kuelewa alichokifanya Gray, ni vyema kutazama hali aliyoikuta. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Muda si muda madaktari wakaanza kuzitumia kupiga picha za mifupa na kutibu uvimbe wa saratani, lakini hawakuwa na mizani ya kuzipimia. Wengi walitazama ngozi ya mgonjwa tu. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, walijua kwamba kiasi kilichotolewa kimefika kikomo. Kipimo kilikuwa jeraha lenyewe.

Mwaka 1928, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa radiolojia uliofanyika Stockholm, kilikubaliwa kipimo kilichopewa jina la mgunduzi wa eksirei, yaani rontgeni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, rontgeni ilihesabu kitu kimoja tu: wingi wa chaji za umeme ambazo mionzi huzizalisha inapopita hewani. Haikueleza ni nishati kiasi gani iliyobaki ndani ya nyama, mfupa au mafuta ya mwili. Kwa lugha ya sokoni, rontgeni ilikuwa pishi. Ilieleza chombo kimejaa kiasi gani, lakini haikueleza uzito wa kilichomo. Rontgeni moja huacha katika hewa takriban ergi 88 za nishati kwa kila gramu, na katika nyama laini ya mwili huacha takriban ergi 96. Katika mfupa, kwa eksirei zenye nguvu ndogo, kiasi kinachobaki huweza kuwa mara kadhaa zaidi. Idadi ya rontgeni ni ileile, ilhali madhara ndani ya mwili si yaleyale.

Bambo katika gunia

Mchango wa kwanza mkubwa wa Gray ulihusu swali hili: mtu atapimaje nishati inayofyonzwa ndani ya kitu kigumu ambacho hawezi kukifungua? Mfanyabiashara wa nafaka hulijibu swali kama hilo kwa bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia ili kutoa punje chache. Gunia halifunguliwi wala halimwagwi, lakini punje zile huonyesha hali ya nafaka yote iliyo ndani.

Gray alifikiria uwazi mdogo sana wenye gesi, uliozungukwa pande zote na kitu kigumu kinachopigwa na mionzi. Uwazi ukiwa mdogo kiasi cha kutosha, hautaivuruga mionzi inayopita, utaionja tu. Chaji zinazozalishwa katika gesi hiyo huweza kupimwa, na kutokana nazo huweza kukokotolewa nishati iliyofyonzwa na kitu kinachouzunguka uwazi huo. William Henry Bragg alikuwa ameligusia wazo la namna hii mnamo 1912. Gray alilifikia kwa njia yake mwenyewe, akalipa misingi ya kihesabu na kulithibitisha kwa majaribio, akalichapisha mwishoni mwa miaka ya 1920 na kulikamilisha mwaka 1936. Hadi leo wataalamu huiita kanuni ya Bragg na Gray, na vyombo vingi vinavyotumiwa kuhakiki mashine za tiba ya mionzi vinaitegemea.

Kutoka maabara hadi wodini

Mwaka 1932 Gray alimwoa Freye Picot, mwanamke msomi asiyeona. Mwaka uliofuata alifanya uamuzi uliowashangaza wenzake. Aliiacha Cambridge, akaenda kuwa mwanafizikia wa hospitali ya Mount Vernon, Northwood, nje kidogo ya London. Machoni pa wengi, huko kulikuwa kushuka daraja. Mwanafizikia wa hospitali alikuwa mtu wa kukagua mashine na kutunza radiamu, si mtu wa kugundua siri za maumbile. Gray aliiona kazi hiyo kwa jicho jingine. Mgonjwa aliyelala mbele ya mashine alikuwa anapewa kitu ambacho hapana aliyeweza kueleza kwa hakika kiasi chake, na swali hilo lilikuwa la fizikia kama maswali mengine yoyote.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, akishirikiana na John Read, alijenga hospitalini hapo mtambo wa kuzalisha neutroni kwa fedha haba. Nia yao ilikuwa kulinganisha madhara ya neutroni na yale ya mionzi ya gama. Hawakuanza na wagonjwa. Walianza na mizizi ya maharagwe. Mzizi hukua kwa kasi inayopimika kwa rula, na seli zake zikidhuriwa hupunguza mwendo au husita kabisa.

Hapo ndipo rontgeni ilipoonyesha upungufu wake waziwazi, kwa kuwa ilikuwa imetungiwa eksirei na mionzi ya gama, wala haikufaa kwa neutroni. Gray na Read walipendekeza mwaka 1940 kwamba kinachopaswa kuhesabiwa ni nishati inayofyonzwa katika kila gramu ya kitu kinachopigwa, bila kujali ni mionzi ya aina gani iliyoileta. Kipimo kisifuate kilichotoka katika mashine, bali kifuate kilichopokelewa na mwili. Aidha, majaribio ya maharagwe yalionyesha kwamba nishati ileile ikiletwa na neutroni hudhuru zaidi kuliko ikiletwa na gama. Kutokana na hayo likakua wazo la ulinganishi wa nguvu ya kibiolojia ya mionzi, ambalo baadaye lilizaa kipimo kingine cha kandokando.

Hammersmith na suala la oksijeni

Mwaka 1946, baada ya Vita Vikuu vya Pili, Gray alihamia hospitali ya Hammersmith, London, katika kitengo cha utafiti wa tiba ya mionzi. Huko, pamoja na wenzake, alishughulikia jambo lililokuwa likiwatatiza madaktari kwa muda mrefu: kwa nini baadhi ya uvimbe hunyauka unapopigwa mionzi ilhali mwingine, uliopewa kiasi kilekile, hurudi baada ya miezi michache?

Jibu lilikuwa oksijeni. Mwaka 1953 Gray na wenzake walichapisha makala yaliyoonyesha kwamba kiasi cha oksijeni kilichomo katika seli wakati zinapopigwa mionzi huamua kwa sehemu kubwa kama seli hizo zitakufa. Seli zisizo na oksijeni huhitaji dozi ya takriban mara mbili na nusu hadi tatu ili zidhurike sawa na zenye oksijeni ya kutosha. Uvimbe unaokua haraka mara nyingi huwa na sehemu za ndani ambako damu haifiki vizuri, na seli za huko hujificha dhidi ya tiba. Mpaka leo suala hili ni msingi wa sababu za kuigawa tiba ya mionzi katika siku nyingi badala ya kuitoa yote kwa mara moja, kwani seli zilizo karibu na damu zinapokufa, zile zilizojificha hupata oksijeni na kuwa rahisi kushambuliwa siku zinazofuata.

Mwaka huohuo wa mafanikio ulikuwa pia mwaka wa machungu. Kitengo kilikuwa kikijiandaa kwa mtambo mkubwa utakaozalisha neutroni kwa ajili ya tiba. Huko California, wagonjwa waliotibiwa kwa neutroni kati ya 1938 na 1943 walikuwa wamepata madhara makali miaka baadaye, na daktari aliyeongoza tiba hiyo, Robert Stone, mwaka 1948 alishauri isiendelezwe. Gray aliamini kwamba biolojia ya mionzi lazima ieleweke kwanza. Hakuafikiana na wakuu wake juu ya mwelekeo wa utafiti, na akalazimika kuondoka. Akiwa na umri wa karibu miaka 48, na sifa zimeenea, alijikuta hana maabara.

Kurudi Mount Vernon

Chombo kilichopigwa dhoruba kilirudi bandari ileile kilikong'olea nanga. Shirika la hisani lililofadhili utafiti wa saratani nchini Uingereza lilikubali kugharamia maabara mpya, nayo ikajengwa Mount Vernon, kulekule alikoanza kazi mwaka 1933. Gray aliikusanyia wanafizikia, wanakemia, wanabiolojia na madaktari, akawataka wazungumze lugha moja. Jambo hilo lilikuwa geni wakati huo, kwa kuwa kila taaluma ilikuwa na vipimo vyake na istilahi zake.

Maabara hiyo haikukawia kuzaa matunda. Mwaka 1962 Jack Boag, aliyekuwa akifanya kazi na Gray, pamoja na Edwin Hart kutoka Marekani, walifaulu kuonyesha kuwapo kwa elektroni zinazoelea majini kwa muda mfupi mno baada ya maji kupigwa mionzi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, ugunduzi huo ulifungua mlango wa kuelewa kinachotokea katika sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya mionzi kuingia mwilini. Gray mwenyewe alikuwa amechaguliwa mwaka 1961 kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima ya juu kabisa kwa mwanasayansi wa Uingereza, na mwaka 1962 aliongoza mkutano wa kimataifa wa utafiti wa mionzi uliofanyika Harrogate.

Gray alifariki tarehe 9 Julai 1965, kabla ya kutimiza miaka 60. Maabara aliyoianzisha ilikuja kuitwa kwa jina lake, na baadaye kazi yake ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Oxford.

Kuzaliwa kwa grei

Wazo la kuhesabu nishati iliyofyonzwa lilikuwa limekubaliwa kimataifa Gray akiwa hai. Mwaka 1953 tume ya kimataifa inayohusika na vipimo vya mionzi ilipitisha kipimo kilichoitwa rad, sawa na ergi 100 katika kila gramu. Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 1975, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipitisha kipimo kipya kinacholingana na mfumo wa kimataifa wa mita, kilo na sekunde. Kipimo hicho ni jouli moja katika kila kilo, na kikapewa jina la Gray. Alama yake ni Gy. Katika tahajia ya Kiswahili chaweza kuandikwa grei.

Ugeuzaji wake ni wa shilingi na senti. Jouli moja ni ergi milioni kumi, na kilo moja ni gramu elfu moja. Ergi 100 kwa gramu ni ergi 100,000 kwa kilo, yaani sehemu moja ya mia ya jouli kwa kilo. Basi grei moja ni rad 100, na rad moja ni grei 0.01, au sentigrei moja. Hakuna haja ya kuuliza kama kilichopigwa ni nyama au mfupa, kwa kuwa vipimo vyote viwili vinahesabu kitu kilekile. Mgonjwa anayepewa grei 50 kwa siku 25, grei 2 kila siku, angeandikiwa katika faili la zamani rad 5,000, na kila siku rad 200. Ndiyo sababu madaktari wengi walipendelea sentigrei wakati wa mpito: tarakimu walizozizoea zilibaki vilevile, jina tu likabadilika.

Anayegeuza rontgeni, kwa upande mwingine, yuko katika ugeuzaji wa pishi. Katika hewa, rontgeni moja ni takriban rad 0.88, yaani grei 0.0088. Katika nyama laini ni takriban rad 0.96. Lazima kwanza ajue mionzi ilipokelewa na nini.

Kuna pia jozi ya tatu. Kwa sababu mionzi tofauti hudhuru kwa viwango tofauti, kama mizizi ya maharagwe ilivyoonyesha, dozi iliyofyonzwa huzidishwa kwa kigezo cha aina ya mionzi ili kupata dozi linganifu. Kwa eksirei na gama kigezo ni 1, na kwa chembe za alfa ni 20. Ikianzwa na rad, jibu huwa kwa remu. Ikianzwa na grei, jibu huwa kwa sivati, kipimo kilichopitishwa mwaka 1979 na kupewa jina la Rolf Sievert wa Uswidi. Sivati moja ni remu 100.

Uzito wa sifuri mbili

Yamkini msomaji atajiuliza sifuri mbili zina uzito gani. Mtu mzima mwenye kilo 70 akipokea mwili mzima grei 4 kwa muda mfupi, nishati yote iliyoingia ni jouli 280. Kikombe kidogo cha kahawa chungu kinachopoa kwa zaidi kidogo ya nyuzi mbili hupoteza nishati kama hiyo. Hakuna mkono unaoweza kuhisi joto lake. Hata hivyo, dozi ya grei 4 hadi 5 isipotibiwa huua takriban nusu ya watu wanaoipokea. Madhara hayatokani na joto bali na jinsi nishati hiyo inavyokata nyuzi za urithi ndani ya seli. Kwa kuwa hisi za binadamu hazina habari, tarakimu ndiyo macho yake ya pekee, na tarakimu isiyo na jina la kipimo ni macho yaliyofumbwa.

Tuseme mgonjwa aliyetibiwa zamani anarudi baada ya miaka mingi na uvimbe mwingine karibu na uti wa mgongo. Faili lake linasema alipewa 4,000. Ikiwa ni rad, basi uti wake ulipokea grei 40, na kwa kawaida madaktari huogopa kuvuka grei 45 hadi 50 katika uti wa mgongo, kwa kuwa hapo hatari ya kupooza huanza kupanda. Nafasi iliyobaki ni finyu. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili hausahau upesi kilichokwisha kutiwa ndani yake. Daktari asiyejua kugeuza, au karani aliyeliacha jina la kipimo, anaweza kumnyima mgonjwa miguu yake. Kwa wakazi wa Pwani ya Kenya, ambao kwa miaka mingi waliohitaji tiba hii katika hospitali za umma walilazimika kusafiri hadi Nairobi, faili lililosafiri na mgonjwa lilikuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Likoni, Changamwe na Mlima Mrima

Mionzi haiko hospitalini pekee. Katika uwanja wa ndege wa Moi, upande wa Changamwe, mizigo ya wasafiri hupitishwa katika mashine za eksirei. Anayevuka kwa feri hadi Likoni na kushika barabara ya kusini hupita Ukunda na Msambweni, na akiendelea kuelekea mpaka wa Tanzania huikaribia Mrima, kilima chenye msitu katika Kaunti ya Kwale ambacho Wadigo hukiheshimu kama kaya. Wanajiolojia walikichunguza katika miaka ya 1950 wakakuta madini ya niobiamu na madini adimu, pamoja na thoriamu, ambayo hutoa mionzi kwa maumbile yake. Mrima ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana nchini Kenya kwa mionzi ya asili iliyozidi kiwango cha kawaida.

Kwa watu wanaoishi kandokando ya kilima kama hicho, suala la vipimo si la darasani. Kwa kawaida taarifa za zamani za mionzi ya ardhini huandikwa kwa mikrorontgeni kwa saa, na taarifa mpya kwa nanogrei kwa saa. Mikrorontgeni moja kwa saa ni takriban nanogrei 8.8 kwa saa katika hewa. Wastani wa dunia nje ya nyumba, kutokana na udongo na miamba, ni karibu nanogrei 60 kwa saa, yaani takriban miligrei 0.5 kwa mwaka, sawa na rad 0.05. Anayelinganisha taarifa mbili bila kugeuza anaweza kuwatia wanakijiji hofu isiyo na msingi, au kuwatuliza pasipo haki. Kenya, iliyojiunga na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki mwaka uleule aliofariki Gray, ilitunga sheria ya kinga dhidi ya mionzi mwaka 1982 na kuibadilisha kwa sheria mpya mwaka 2019. Sheria huweka mipaka kwa tarakimu, na mwananchi anayetaka kuitetea ardhi yake hana budi kuzisoma tarakimu hizo.

Jukumu la lugha

Hapa ndipo maisha ya Gray yanapomgusa mwanafunzi wa Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na istilahi kama mnururisho na fyonza zimekwisha kupata makao katika maandishi ya sayansi. Hata hivyo, kazi bado ingalipo. Neno rad likiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili huwa radi, na msomaji atawaza ngurumo za masika. Neno dozi, lisipofuatwa na sifa yake, laweza kumaanisha vidonge, rontgeni, grei au sivati. Mtafsiri anayeandika kwamba mgonjwa alipewa mionzi 200 hajatafsiri chochote. Amehamisha tarakimu na kuacha maana upande wa pili wa kivuko. Inafaa aandike dozi iliyofyonzwa, ataje kipimo, na pale chanzo kinapotumia kipimo cha kale aweke vyote viwili. Kanuni za serikali nchini Marekani bado zinatumia rad na remu, kwa hiyo vipimo hivyo havijawa vya makavazi tu.

Hitimisho

Louis Harold Gray hakugundua mionzi wala hakuvumbua mashine ya kuitoa. Alishikilia jambo moja tangu ujana hadi kifo chake: thamani ya kitu kinachotolewa hupimwa pale kinapopokelewa. Aliacha maabara mashuhuri kwa ajili ya wodi, akapoteza kazi kwa sababu ya msimamo wake, na akafa bila kujua kwamba jina lake lingeandikwa kwa herufi ndogo katika mafaili ya wagonjwa wa dunia nzima. Kibaba na pishi vimebaki katika methali na kumbukumbu za Waswahili. Rad nayo inaelekea huko polepole. Wakati inapoondoka, ni wajibu wa wenye lugha kuhakikisha kwamba haiondoki na usalama wa mgonjwa aliyepimwa kwayo.